Wankyo, Jengo Lako Bado Lina Kufuli

Mwaka umezunguka sasa, Wankyo mjukuu wetu, tangu Bwana alipokuchukua kwa ule ugonjwa wa figo, tukakulaza nyumbani Butiama. Watu wakituuliza tunasemaga tumezoea. Hatujazoea.

Ulikuwaga mtu wa kucheka na kubisha. Kazi yako ilikuwa kuchora majengo ya watu kujihifadhi kimbunga kikija, wewe na wenzako wa kujitolea wa Ujerumani na Bangladesh. Hata ukija kunisalimia hapa Bunda, ulikaa jikoni na kompyuta mapajani, unabishana nao huku unachambua dagaa.

Siku moja mlibishania ng'ombe. Mjerumani alitaka jengo la Mugango, kule kando ya ziwa, liwe la watu tu. Ukamwambia, "Kaka, mtu wa huku hakimbii akaacha ng'ombe nje. Atatoka kuwashika, upepo utamkuta huko huko." Yule wa Bangladesh akacheka sana, ukanitafsiria: "Anasema hata kwao wako hivyo hivyo!" Mkaongeza zizi upande wa nyuma. Nikauliza, "Na kuku wangu?" Ukasema, "Bibi, usinitafutie kazi."

Jengo liliisha ukiwa hai, ukaliona limepakwa rangi. Lakini mpaka leo limefungwa. Eti linasubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Anaahidi, anaahirisha. Anaahidi tena.

Mwezi wa tatu upepo ulitoka ziwani ukang'oa mabati Mugango. Watu walikimbilia jengo lako, wakakuta kufuli. Marieta, jirani wa pale, alijibanza ukutani na kichanga chake, mvua yote ikawaishia mwilini. Mtoto alilazwa na nimonia. Tunamshukuru Mungu alipona.

Nilimfuata mwenyekiti wa kamati ya jengo, Mzee Mashimba, mwenye ufunguo. Akasema, "Mama, jengo halijafunguliwa rasmi, ni kama mtoto hajabatizwa."

Nikamwuliza, "Kwani mtoto hajabatizwa hanyonyeshwi?"

Akaniambia nivute subira. Mimi ni mtu wa subira, wewe unanijua, nimevuta mpaka imenichosha. Mvua za vuli hizo zinakuja, na mabati ya watu bado yamefungwa kwa kamba.

Basi mjukuu wetu, ibada ya kukukumbuka hatuifanyii kanisani wala nyumbani. Jumamosi hii tunaifanyia Mugango, mlangoni pa jengo lako. Mchungaji amekubali. Majirani wote wanakaribishwa, na Mzee Mashimba tumemwalika kwa heshima zote, aje na ufunguo. Asipokuja nao tutakaa hapo hapo, tutapika hapo hapo, na tutalala hapo hapo.

Unakumbukwa na bibi yako Rhobi, baba yako Enoka, mama yako Scholastika, mdogo wako Jofrey, na ukoo wote wa Butiama, Bunda na Musoma. Jina lako halitakauka midomoni mwetu.

Turubai hatujakodi. Paa lipo.