Mwalimu iko analala

Louise, nimetoka ku kanisa sasa hivi.

Leo mu maombi ya bamama, Agnès, ule bwana yake anauzishaka kobalti ku mugodi ya Mutoshi, akasimama: "Bamwalimu banalilia mushahara ya nini? Vakansi ya masomo miezi mbili banalala tu, na serikali inabalipa."

Banalala. Anasema vile na anajua mutoto wangu Chancelle ni mwalimu, na mi niko nimekaa mbele yake.

Chancelle anafundisha batoto makumi munane mu kalasi moja. Vakansi ilianza tu, akashika jembe, tangu asubui iko mu shamba ya muhogo, ju mushahara haifiki. Na mangaribi, nani anagonga ku mulango na kitabu? Samy, mutoto wa Agnès. Kila siku. Chancelle anamufundisha bure. Mama yake alimuambia Chancelle, "Si unapumzika?"

Banalala, Louise.

Samy alikuwa anacheza inje ya kanisa. Nikamushika mukono, nikaingia naye mpaka kwa Agnès. Nikasema pole pole: "Kamata mutoto wako. Mwalimu iko analala."

Agnès akasema, "Mama Chancelle, mbele ya Mungu?"

Nikamujibu, "Weye njo ulianza mbele ya Mungu."

Nikafika ku nyumba, nikaelezea Chancelle. Hakucheka hata kidogo. "Mama, Samy alikuwa anaanza kusoma peke yake."

Basi arudi. Lakini Agnès amulete yeye mwenyewe, asimame ku mulango wangu, angojee mwalimu amalize kuosha udongo ku miguu.