Baba, Uliyekubali Kuwa Fisi

Baba yangu mpenzi,

Leo nimetoka shuleni nina matope hadi magotini na kiwiko kimechubuka, nikasema kabla sijabandika chungu ngoja nimwandikie baba. Najua barua hii haina pa kwenda. Kaburi lako liko kule Karatu, kando ya shamba la mahindi, nami niko huku Digodigo nafundisha darasa la tatu. Lakini nimekukumbuka mno, na kuna jambo sikuwahi kukuambia.

Unaukumbuka ule mchezo wako wa Ijumaa? Ulikuwa mwalimu wetu, ukitutoa darasa zima hadi uwanjani chini ya msitu, ukungu haujainuka bado. Wengine walikuwa majani, wengine swala, wawili simba. Swala akigusa jani, jani limeliwa, linakaa chini. Simba akimgusa swala, swala anaanguka, tayari mzoga. Kisha anakuja fisi, anauburuta mzoga hadi ukingoni mwa uwanja, na pale unainuka ukiwa jani jipya, mchezo unaendelea. "Nitafutieni asiye na kazi hapa," ulituambia. Tulitafuta weee, hatukumpata.

Ila nani awe fisi? Kwetu fisi ni mnyama wa wachawi. Hakuna mzazi, awe wa shamba au wa ng'ombe, angefurahi kusikia mwanawe kafanywa fisi. Basi ukakunja suruali, ukainama, ukaanza kuchechemea ukitoa kile kicheko chake. Mtu mzima, mwalimu mwenye koti! Watoto walianguka kabla hata simba hajawagusa.

Nilicheka nao, mpaka jina liliposhika. Mwalimu Fisi. Sokoni, kisimani, hadi kanisani. Siku moja Paulina, rafiki yangu wa dawati moja, alikataa hindi nililommegea. "Bibi kanikataza kula cha mtoto wa fisi," alisema. Nilirudi nyumbani nikilia. Ulikuwa unanoa jembe.

"Baba, naomba usiwe fisi tena."

"Sasa nani awe, mama?"

"Yeyote. Si wewe."

Ulinoa, ukanoa, mwisho ukasema, "Haya, mama."

Ijumaa iliyofuata ulisimama pembeni na kipenga chako. Uliuliza nani atakuwa fisi, hakuna aliyeinua mkono. Tukacheza hivyohivyo. Haikuchukua muda uwanja ukajaa mizoga, majani yakaisha, na swala waliobaki wakasimama wakishangaa. Nasieku, yule msichana wa kutoka Malambo, akapaza sauti: "Mwalimu, hii imekufa yote! Fisi yuko wapi?"

Ulinitazama. Nilikuwa nimelala chali miongoni mwa mizoga. Ningeinuka tu nikasema "mimi," ingetosha. Nilifumba macho. Ulipuliza kipenga ukasema turudi darasani, na mchezo ule hatukuucheza tena.

Hukunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonitafuna. Miaka yote niliamini nimekuvunja moyo, kwamba ulinyamaza kwa sababu ulinishusha thamani kidogo. Ulipougua nilikaa kando ya kitanda nikikusomea gazeti badala ya kukuomba radhi. Nikajiambia nitamwambia kesho akipata nafuu. Hukupata nafuu, baba.

Leo nimeucheza na watoto wangu wa huku, karibu na mifereji ya mashamba. Nimeuliza nani atakuwa fisi, wote wakaangalia chini. Nikajifunga kanga kiunoni, nikainama. Walivyocheka! Nimeteleza nikaanguka, wakazidi. Ila mjukuu wako, yule uliyemwacha akinyonya, yumo humo darasani. Nimemwona amelala mzoga katikati ya vicheko vile, amefumba macho kwa nguvu zake zote.

Nimesimama. Kipenga kilikuwa shingoni, na ningekipuliza palepale, kwa moyo mweupe, bila kinyongo hata chembe. Hapo ndipo nimekuelewa. Hukunidharau. Ulinipenda tu, ukaona mchezo si kitu.

Sikupuliza. Nimemfuata nikamshika miguu. "Mama, niache," amenong'ona. Nimemburuta taratibu hadi ukingoni, akainuka, akaenda kucheza bila kunitazama. Sijui kama nimefanya vema. Ungekuwepo ningekuuliza. Natamani sana ungekuwepo.

Sasa yuko hapo nje anachambua mboga, hajanisemesha tangu turudi. Namngoja. Akiniomba niache kuwa fisi, nitaacha. Na nitamwambia leoleo kwamba sina kinyongo naye, asije akabeba jambo hili mpaka aniandikie barua mimi nikiwa sipo.

Pumzika, baba. Ngoja nimfuate huko nje.

Ni mimi,
Binti yako