Tangazo Lile Nililipokea Mimi

Mshangano, Songea
Ijumaa, baada ya swala

Kaka Deo,

Tangu tukuzike nimekuwa nikiusikia ule mvumo. Ule unaotangulia sauti, mtambo wa redio ukishawashwa na bado hakuna aliyesema neno. Nausikia nikichota maji, nikichambua mchicha, na mara mbili nimeusikia nikiwa nimesimama kwenye swala, Mungu anisamehe. Nageuka nikidhani utaingia na bisibisi yako mfukoni useme, "Mtanga, bado dakika moja." Huingii. Hii ni wiki ya sita na bado nageuka.

Nakuandikia kwa sababu kesho kuna jambo nitalifanya, na nataka ulijue kabla ya mji mzima. Nikilisema kwa mdomo nitalia. Kuandika nako nalia, ila hapa anayeniona ni paka tu.

Siku hizi nazikumbuka sana hadithi zako za redio za zamani, mpaka nyingine najiona nimo ndani yake. Ulisema mlipokuwa wadogo redio ilikuwa moja tu, ya taifa, na huku kwetu ilisikika kwa kubahatisha. Alfajiri ilikuja safi, jua likipanda inaondoka, na mahali pake wanaingia watu wa Malawi kutoka ng'ambo ya ziwa, kisha Wareno wa Msumbiji, wote wakiongea kwa pamoja kama wako chini ya maji. Baba yako alianika betri juu ya bati na kuzigeuza kama mtu anayegeuza mihogo. Wewe uliamini habari huchoka njiani, zikipanda milima ya Lukumburu, ndiyo maana zilifika Songea zikikohoa. Mara ya kwanza kunisimulia hayo nilicheka hadi mtoto akaamka mgongoni.

Halafu serikali ikaruhusu watu binafsi kufungua redio. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, sabuni za rangi rangi, mitumba, redio za kaseti zenye taa nyekundu. Tajiri wetu mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaleta mtambo uliokwishatumika, akaupandisha juu ya duka lake, na watu wakawaita Ghorofani hata kabla redio haijapewa jina. Ukutani mlibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na chumba kizima kikanuka kuku. Mlangoni blanketi. Siku ya kwanza uliwasha maiki, ukasema, "Hapa ni Songea," kisha ukanyamaza, kwa sababu hukuwa umeandaa kitu kingine. Ulisema ulichungulia dirishani ukaona watu wamesimama barabarani, wametazama juu, na mama mmoja wa sokoni ameshusha debe lake la nyanya. Hawakuwahi kusikia redio ikisema hapa, ikimaanisha hapa walipo wao. Mimi sikuwepo, lakini yule mama namwona hata rangi ya kitenge chake.

Nilikuja baadaye, nikimfuata mume, karani wa serikali. Mume akahamishwa, akahama na moyo wake wote, mimi nikabaki na mtoto. Ulinisikia sokoni nikigombana na muuza khanga, ukanifuata ukisema, "Dada, sauti inayogombana vizuri hivi, salamu itazisomaje?" Nikadhani unanitongoza. Ulikuwa unatafuta mtangazaji kweli.

Ukanifundisha kazi. Kuzungusha kaseti kwa kalamu ili kuokoa umeme wa jenereta. Kusoma kadi za salamu bila kuruka jina la mtu, hata kama kadi ina shangazi kumi na wawili, kwa kuwa shangazi wa kumi na mbili naye amekaa anasubiri. Na saa saba mchana, matangazo ya vifo. Saa ile mji ulikuwa ukisimama. Mafundi cherehani waliondoa miguu kwenye pedeli.

Kwa tangazo la kifo ulikuwa na sharti moja. Anayelileta aulizwe kwanza, "Wewe ni nani wake?" Akiwa ndugu, jirani au balozi wa nyumba kumi, pokea. Akisema ni mtani, chana karatasi mbele yake. "Mtani huku kwetu hata msiba ni uwanja wake, dadangu," uliniambia. "Atalala kwenye kitanda cha marehemu, atadai koti lake, atawachekesha wajane. Usimwachie na redio." Nikakujibu kwamba utani tunao hata Tanga, usinifundishe. Nilikuwa na kiburi, kaka. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kazini na tayari najua kila kitu.

Siku yenyewe umeme ulikuwa wa mgao. Ulishuka nyuma ya duka kujaza dizeli. Akaingia mzee mmoja, koti limepigwa pasi, kofia mkononi, lafudhi ya upande wa Njombe. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne: Mzee Fidelis wa Mshangano amefariki, mazishi kesho. Nikamwamkia shikamoo, nikampa pole. Uso wake ulikuwa na huzuni kiasi kwamba niliona aibu kumuuliza yeye ni nani wa marehemu. Sikumuuliza. Saa saba ilipogonga wewe bado uko chini na jenereta, nikasoma. Nilisoma kwa sauti ile uliyokuwa ukiisifu, nikaitetemesha kidogo mwishoni, na nakiri kwamba nilijisikia fahari.

Mzee Fidelis alikuwa shambani anapalilia mahindi yake. Alirudi nyumbani akakuta kuni zimepangwa, wanawake wanalia, na mtani wake amekaa mbele kabisa anacheka mpaka machozi. Eti mtu ambaye hajamtembelea tangu Pasaka si amekufa huyo, amtangaze tu watu wamzike. Mzee Fidelis mwenyewe alicheka, akaagiza pombe. Yangeishia hapo. Lakini dada yake mkubwa, Bibi Skolastika, alikuwa jikoni kwake na redio. Alitoka mbio bila viatu, akaanguka kwenye mtaro, akavunjika nyonga. Hajatembea peke yake tena.

Jioni ile tajiri alitukusanya. Akauliza nani alipokea karatasi. Ulikuwa umesimama mlangoni unanuka dizeli, na nakumbuka ulimtazama mwanangu kabla hujanitazama mimi. Ukasema, "Nilipokea mimi. Dada nilimpa asome, hakujua." Nilifungua mdomo, kaka. Wallahi nilifungua. Kisha nikaufunga.

Walikutoa kwenye maiki siku ileile, wakakuacha fundi mitambo. Wewe uliyeuambia mji huu "Hapa ni Songea" hukusema tena neno hewani. Watu wakakupa jina, Deo Mzika Hai. Ulikuwa ukipita sokoni wanajifanya wanakufa, unacheka nao, unanunua dagaa, unaondoka. Mimi nikawa Dada Zubeda wa Ghorofani, wa kuongezewa nyanya bure. Miaka yote ile ulikaa nyuma ya kioo ukinipa ishara kwa kidole, na mimi nikaongea.

Mara moja tu nilijaribu. Ulikuwa umetoka kukaza nyaya za mlingoti, asubuhi ya Juni, ukungu umeshuka kutoka milima ya Matogoro hadi hatuoni barabara. Nikakwambia, "Kaka, nikaseme?" Ukapuliza mikono yako kwa baridi, ukajibu, "Ukisema sasa tutakosa watangazaji wawili. Nenda kasome salamu." Nilipata nafuu. Nafuu ile ndiyo inayonitia aibu kuliko uongo wenyewe. Nilipanda ngazi mwepesi, na nadhani siku ile nilisoma vizuri kuliko siku zote.

Tangu ulipoondoka mji umebadilika kidogo, acha nikupe habari. Redio sasa ni tatu. Ile ya kanisa imepata mtambo mpya. Nyingine inatoka Dar kwa dishi, vijana wake wanalitamka jina la mji wetu kama wanalisoma kwenye bahasha. Kadi za salamu zinakufa, watu wanatuma ujumbe wa simu na wanapanda vichuguu kutafuta mtandao. Trei za mayai tumezitoa, tumeweka sponji, na chumba hakina harufu yoyote. Lakini vifo watu bado wanavileta kwetu.

Cha kwako nilikisoma mimi. Homa ya siku nne tu, kaka, na mimi bado nilikuwa napanga kukuletea uji. Niliisoma karatasi bila kutetemesha chochote. Sijamaliza vizuri simu zikaanza kulia. Wanacheka. "Mzika Hai leo kajizika mwenyewe?" Mwingine, "Aliyeleta hilo ni mtani wake, mkamateni." Nikasema ni kweli jamani, ni kweli, amefariki. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyocheka.

Kaburini tulikuwa watu wa kutosha benchi mbili za kanisa. Kwaya, majirani, mimi na binti yangu, Mzee Fidelis na fimbo yake. Padre alisubiri kidogo, akatazama saa, akaanza. Mama yako hakuwa akitazama jeneza, alikuwa akitazama barabara. Akanishika mkono, akauliza, "Zubeda mwanangu, watu wako wapi? Deo kawakosea nini kiasi hiki?" Na mimi nikanyamaza mara ya pili.

Walipoanza kuja baada ya siku tatu, wameshajua si utani, wakijikunyata kwa aibu na vifurushi vyao vya sukari, kaburi lilikuwa limeshanyeshewa na mvua.

Jana nilikwenda kwa mama. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi kwenye kiroba. Nikamuuliza ya nani. Akasema ni ya Bibi Skolastika, kila mavuno humpelekea, kwa ajili ya kosa la Deo. Kila mavuno, kaka! Ulikuwa unajua? Nadhani ulijua, na nadhani hilo ndilo lililokuwa likikunyamazisha siku za mavuno, mimi nikidhani ni uchovu. Nilikaa chini kwenye maganda nikamweleza yote, karatasi, kofia, dizeli, mdomo wangu nilioufunga. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza kuku wakaja wakaokota punje miguuni pake, asiwafukuze. Kisha akasema, "Mimi mwanangu namjua. Wao ndio hawamjui. Nenda ukawaambie wao." Akafunga kiroba kwa kamba, akakisukuma kwangu kwa mguu. "Na hiki mwaka huu upeleke wewe."

Nimekipeleka leo asubuhi, kichwani, njia yote. Bibi Skolastika alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia nimsogezee kiti kwenye jua, nikamsogezea. Sikuthubutu kumuuliza kama amenisamehe.

Kutoka hapo nikapita kwa tajiri. Amezeeka, anasikia kwa sikio moja, lakini hili alilisikia vizuri. Anasema mambo hayo yamekwisha, marehemu hadhuriki, redio ndiyo itakayodhurika. Anasema nikiyasema hewani Jumatatu nisipande ngazi zake. Nikampa shikamoo yake nikatoka. Sijui kazi nyingine, kaka. Nilipofika kwenye mzunguko nikakaa ukingoni kama mlevi, watu wananisalimia, "Dada Zubeda, habari za Ghorofani?" nami naitikia nzuri, nzuri.

Kesho saa saba nitakaa kwenye kiti ulichotolewa. Nitasema: mimi Zubeda ndiye niliyepokea tangazo la Mzee Fidelis. Deo alikuwa chini anajaza dizeli. Hakuliona, hakulishika, alinibebea. Mliyemwita Mzika Hai hakumzika mtu. Nitalisema polepole, mara mbili, kama ulivyonifundisha kusoma majina, kwa walio karibu na redio na kwa aliyetoka nje kidogo. Kisha nitalisoma tangazo la kifo chako upya, lote, kana kwamba umefariki leo, na kuwaalika kwenye misa yako ya arobaini Jumapili.

Naahidi sitainyamazisha sauti hii tena, hata ikibidi niitumie kuuzia nyanya. Kwa mama nitakwenda kila mavuno maadamu nina shingo ya kubebea. Binti yangu nilimsimulia jana usiku, akauliza kwa nini ulimtazama yeye siku ile. Nitamwambia, ni haki yake kujua ni nani aliyemlisha.

Pumzika, kaka yangu. Kesho nitaufanya mji mzima uamini kwamba umekufa, na itanibidi niamini na mimi.

Dada yako,
Zubeda