Asali ya Mchana wa Ramadhani

Al Ansab, Maskati
19 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Kamachumu, na goti lako limepoa. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Anayekuletea ni Semeni, rafiki yangu wa huku, anakuja likizo.

Uliuliza naishi vipi na watu hawa. Mama, nimepewa zaidi ya kazi. Khulood, mjukuu wa Bibi Shariffa ninayemtunza, anasomea uuguzi, na jioni hurudia masomo yake kwa kunifundisha mimi. Aliniwekesha kiganja kifuani nisikie moyo unavyosukuma damu. Akanieleza mapafu yanavyoipa hewa, figo zinavyoichuja, na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, linavyotawala sukari. La Bibi limechoka, ndiyo maana Khulood humchoma sindano ya kushusha sukari kila asubuhi. Ubongo, alisema, hauna ghala la sukari. Ikipungua sana mtu hupotea akiwa macho.

Juma lililopita, saa tisa alasiri, nilimkuta Bibi kaloa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki Unguja. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Nikampima kidoleni: sukari ilikuwa chini mno. Nikakoroga asali kwenye maji. Alipoona kikombe akageuza uso.

"Nnafunga, mwanangu. Usinivunjie saumu yangu."

Mimi Mkristo, nimvunjie saumu mama wa watu? Nikamwomba radhi, nikamsihi mpaka akameza, kidogo kidogo. Baada ya robo saa akaniita Dativa. Nikampigia binti yake, Dada Balqees, ofisini kwake Al Khuwair, akaja tukampeleka hospitali. Daktari alisema kikombe kile ndicho kilichomwokoa. Wote walinishukuru hadi nikaona haya.

Na haya yenyewe ilikuwa na sababu, Mama. Nilijua anafunga. Daktari alishamkataza, lakini Bibi alinibembeleza, akasema huenda ni Ramadhani yake ya mwisho. Siku tatu nilimwaga uji wake kwenye sinki, nikasema ameunywa. Khulood alimchoma sindano akiamini hivyo. Sasa alikuwa amekuja hospitalini, analia, akidhani amekosea kipimo cha dawa.

Sikuweza kumwacha aubebe mzigo wangu. Nikawaambia yote palepale hospitalini. Moyoni nikaanza kufunga virago. Bibi akasema kutoka kitandani, "Uwongo ule wangu. Huyu niliazima mdomo wake tu."

Dada Balqees akaniambia amekasirika, na hasira yake haitaisha leo wala kesho, lakini hataki mtu mwingine amshike mama yake. Khulood alinikumbatia. Sijui nimshukuru Mungu kwa lipi kwanza.

Nimekuandikia mwenyewe ili usisikie kwa Semeni zile sifa peke yake.

Wasalimie Noel na majirani wote. Bibi Shariffa ameniagiza nikuandikie asante yake, ya kunizaa.

Mwanao akupendaye,
Dativa