Mlango Usiobishiwa Hodi

Jumamosi, 1 Machi. Bondeni, Kyela
Nimeanika mpunga, mvua ikaja, nimeanua. Nimeanika tena. Kesho safari. Mwanangu Atupele amejifungua kwa upasuaji huko Guangzhou, hawezi hata kuinama. Nimefunga vitenge na unga wa ulezi. Ndege siiogopi sana. Naogopa nyumba ya mkwe. Mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Mama yangu alishika hivyo, nami nimeshika. Na huko wana chumba kimoja na sebule.

Jumanne, 4 Machi. Guangzhou
Nimefika. Miguu imevimba. Mkwe alinipokea, akatangulia, mimi nyuma natazama visigino vya viatu vyake. Magari hayana sauti, yanakupitia kama paka. Muuza mchicha hagusi hela, watu wanaonyesha simu tu wanaondoka.
Lifti. Nikageukia ukuta. Ukuta kioo. Nikageuka huku, kioo. Mkwe yuko pande zote. Nikafumba macho mpaka ghorofa ya kumi na tisa.
Mtoto wa kike. Ana paji la marehemu babu yake. Nimelia.

Jumatano, 5 Machi
Nimelala chumbani na Atupele, mkwe sebuleni. Dirishani ni majumba tu, mengine bado yanapanda. Atupele anasema juzijuzi hapa palikuwa mashamba ya mpunga. Nimetafuta hata jaruba moja. Hakuna. Wenyewe walikwenda wapi?
Mlango wa hapa unatazama sura ya mtu, ukimjua unafunguka. Mchana namkanda Atupele, kanga imenidondoka, mkwe huyo kaingia. Aibu haijanitoka. Atanionaje?

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Atupele, mumeo abishe hodi. Kasema, "Mama, hapa si Ngana. Nani anabisha hodi kwenye mlango wake?" Ngana ndiko mume wake alikozaliwa. Amesahau huyo.
Mkwe aliporudi jioni nikatoka, mtoto mgongoni, nikakaa kwenye ngazi. Ngazi hazina mtu, wote wanapanda lifti. Bibi mmoja Mchina akachungulia, akaniletea kigoda. Nikamwambia ndaga, asante ya kwetu. Akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa, 7 Machi
Ngazi tena. Atupele amenifuata, ameshika kidonda, analia. "Mama, watu watasema tumekufukuza." Nikasema waseme. Akasema, "Basi kama hutuwezi, bora urudi nyumbani."
Imenichoma. Nikirudi nani atamwinulia mtoto? Nani atamkanda? Naogopa watanikatia tiketi. Usingizi hakuna. Lakini sibadiliki. Wamebadilisha mji mzima, mimi waniache.

Jumamosi, 8 Machi
Atupele hasemi na mimi. Nimemkanda hivyo hivyo. Mtoto ameogeshwa, amenyonya. Jioni ngazi. Kigoda nimekikuta palepale.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi mkwe ametundika kitenge changu kimoja sebuleni, kamba kutoka ukuta mpaka ukuta. Akatoka.
Jioni nakoroga uji. Nikasikia kikohozi nje. Nikadhani jirani. Kikarudi, kile kikohozi cha wanaume wa Ngana wakibisha hodi uani. Mlango unaijua sura yake, angejiingilia tu. Kasimama kando, anangoja.
Nikajifunga kanga vizuri. Nikaenda nyuma ya kitenge na mtoto.
"Mwambie mumeo apite," nikamwambia Atupele.
Akapita. Nimesikia viatu tu. Atupele amempakulia uji, kisha akaniletea na mimi huku nyuma, akakaa. Uji umeungua kidogo, unanuka moshi. Tumekunywa.