Nimemwombea Mpaka Mama Mkwe Wake

Jumanne, 14 Mei 2024. Asubuhi ukungu ulifunika milima yote ya Uluguru na manyunyu hayakukatika.

Anastasia rafiki yangu, leo nimeaibika! Mpaka sasa nacheka peke yangu.

Nilienda kwa dada Foram, yule mshauri nasaha, kumwambia naacha masomo ya jioni. Sababu unaijua: mwalimu Alois aliinua rula aonyeshe ubaoni, mimi nikajikuta chini ya dawati. Mtu mzima mwenye wajukuu!

Akaniuliza, "Ulipoiona ile rula, mwili wako ulihisi nini?"

Nikafumba macho nikaanza kusali. Kwa sauti! Nimemwombea yeye, mumewe, duka lao, mpaka mama mkwe wake.

Kufumbua macho, bado ananisubiri, ametulia tuli. "Amina, mama. Hata mama mkwe! Na wewe je, nani amekuombea?"

Mama mkwe, Anastasia! Tukacheka wote wawili. Kisha nikalia, nikamsimulia zile fimbo za shule ya msingi kule Mlali. Hakunikatiza, hakunihimiza. Akasema, "Hukuwa mjinga pale chini ya dawati. Ulikuwa unajikinga. Darasani ungependa nini kibadilike?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Jioni nikamweleza mwalimu. Akaifungia rula kabatini. "Samahani mama. Kuanzia leo naonyesha kwa kidole." Wenzangu wakapiga makofi.

Nikasimama, nikasema darasa zima lisikie: "Siachi shule. Na nikiogopa, nitasema."