Bwana Kravati na Mchumba wa Mpwa Wangu

Jumapili, 3 Machi
Bila mimi, nusu ya wanaume wa mji huu wangekwenda kazini shingo wazi. Mawaziri wawili huvaa tai za dukani kwangu. Watatu, ukimtia na yule aliyefukuzwa.

Leo dada kamleta mchumba wa binti yake. Mwalimu wa lugha, mwembamba — nimembatiza Chaki. Tulipomaliza kula nikawapa habari ya neno la Kiingereza la tai, kravati: Bwana Kravati alikuwa fundi wa mfalme, akamkaba mfalme akimpima shingo, akanyongwa kwa kitambaa kilekile. Miaka nenda rudi watu wananisikiliza midomo wazi.

Chaki katabasamu. Eti samahani mjomba, asili yake ni Wakroatia, askari waliofunga vitambaa shingoni. Wafaransa wakawaiga, Waingereza wakalichukua neno kwao. Akaonyesha na simu. Mke wangu mwenyewe kacheka mpaka kapaliwa.

Jumatatu, 4 Machi
Nimemwambia dada, harusi ya Jumamosi haina mjomba. Baba wa binti ni marehemu, nani atamkabidhi? Akanisihi, kaka yangu, kaka yangu, mpaka sauti ikamkauka. Basi, Chaki aje aombe radhi. Mbele ya watu.

Jumatano, 6 Machi
Kaja. Niliita majirani, na mwalimu wake mkuu nilimfuata mwenyewe.

"Kravati alikuwa nani?"

Akamtazama mpwa wangu. "Fundi wa mfalme."

"Paza sauti, Chaki. Nyuma hawasikii."

Karudia. Nikamwuliza alikufaje. Akasema alinyongwa. Mwalimu mkuu akaangalia viatu vyake. Mpwa wangu katoka nje, hakurudi. Nimelala usingizi wa pono.

Ijumaa, 8 Machi
Chaki kaniletea tai ya hariri, niivae kesho. "Yaishe, mjomba." Nimepokea kwa vidole viwili.

Jumamosi, 9 Machi
Magari yanaunguruma nje. Mke wangu katangulia ukumbini na funguo za duka, na tai zangu zimefungiwa dukani. Mpwa wangu anagonga mlango wa chumba changu, shela kichwani.

"Mjomba, unafanya nini humo?"

Naomba dua, nimemjibu.

Hariri nimeizungusha kushoto, kulia — imekuwa kamba ya mbuzi. Sasa wamekusanyika mlangoni, mashangazi na majirani. Halafu mpwa wangu, polepole, kila mtu asikie:

"Mjomba, nimpigie mwalimu aje akufungie?"

Tai zangu zote zina lastiki. Kufunga fundo sijui.